Mkono Niliomwahidi Meza Nne

“Nyoosha, mzee.”

“Nimenyoosha.”

“Hapo umenyoosha shingo. Mimi nataka mkono.”

“Mkono nao uko njiani, mwanangu. Mgeni mzito haharakishwi.”

Nilikuwa nimesimama nikitazamana na ukuta wa chumba cha mazoezi, vidole vya mkono wa kulia vikipanda polepole kama buibui mwenye mimba. Nyuma yangu alisimama mtaalamu wa viungo na kipande cha chaki. Alikuwa binti mwembamba, na sisi wagonjwa tulimwita Nyoosha, maana neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Kila mwenye bega bovu alikuwa na alama yake ya chaki ukutani, pale vidole vyake vilipofika mara ya mwisho. Yangu ilikuwa usawa wa pua. Siku hiyo nikaipita kwa kiganja kizima.

“Hee! Mzee umepanda!”

“Si nilikwambia? Mimi zamani nilikuwa napanda nguzo huku nimesinzia.”

Kisha akainama kutazama sakafu.

“Shusha visigino.”

“Visigino gani?”

“Hivyo vilivyo hewani.”

Nikavishusha. Vidole vikarudi usawa wa pua, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kicheko hicho nilikuwa nimekizoea. Pale waliniita Mzee Chumvi, kwa sababu ya hadithi nilizokuwa nawapa wakati wakisubiri zamu zao. Ile ya chui aliyenifuata hadi juu ya nguzo ya simu nikamkabidhi koleo anishikie waliipenda. Ile ya radi iliyopita kwenye waya ikaniamkia shikamoo, wengine walitaka nirudie. Ajabu ni kwamba mimi niliyefanya kazi juu ya nguzo za simu maisha yangu yote bila kuanguka, nilikuja kuangushwa na kistuli cha jikoni nikibadilisha taa. Mfupa haukuvunjika. Ila niliogopa kuutumia mkono, nikaubana kifuani wiki baada ya wiki kama kifaranga, mpaka bega likaganda. Shati navalishwa. Kitana hakifiki kichwani. Binti yangu ndiye alinishika sikio akanileta pale.

“Mzee, bega ni kama bawaba ya mlango,” Nyoosha aliniambia siku ya kwanza. “Usipoufungua mlango, unashika kutu. Tutaunyoosha taratibu, mpaka pale panapovuta, siyo pale panapochoma. Ukifika hapo unashikilia, unapumua, unaachia. Na nyumbani ufanye kila siku.”

“Nitafanya,” nikasema. Wala sikufanya.

Sasa siku hiyo ya visigino, simu ya Nyoosha ikalia. Yeye alikuwa amepita nyuma ya pazia kumkanda mgonjwa mpya, mikono imejaa mafuta.

“Mama, nipokelee tafadhali. Waambie nakuja.”

Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya pazia.

“Halo? Ndiyo, yupo. Subiri kidogo, usikate.”

Vidole vyangu vikagandia ukutani.

Maneno hayo yanasemwa na watu wengi. Lakini duniani kuna mtu mmoja tu anayesema “usikate” hivyo, ile “ka” ikipanda kidogo kama anayenyanyua sufuria ya moto kwa ncha ya kanga. Sauti ilikuwa imezeeka. Ilikuwa na mikwaruzo, kama sahani ya santuri iliyochezwa mno. Lakini ilikuwa ile ile.

“Mzee, mbona umenyamaza?” akauliza jirani yangu, mgonjwa wa goti. “Chui karudi?”

Mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa juu ya nguzo, kijana wa nywele nyingi, vyuma vya kupandia miguuni na simu ya kupimia kiunoni.

*

Zamani zile huwezi kumpigia mtu moja kwa moja. Unapiga kituoni, opereta anapokea, anachomeka waya kwenye ubao mbele yake, ndipo unaunganishwa. Mimi fundi wa laini, nikimaliza kurekebisha waya huko porini, lazima nipige kituoni kupima.

“Kituo, hapa fundi wa laini. Unanisikia?”

“Nakusikia, fundi. Hapa Meza Nne. Subiri kidogo, usikate.”

Akarudi.

“Laini safi?”

“Laini safi. Meza Nne, jina lako nani?”

“Kazini hatutoi majina. Msimamizi anapita nyuma ya viti, sikio lake refu kuliko waya wako.”

“Basi nikuiteje?”

“Hilo la Meza Nne linatosha. Wewe uko wapi sasa?”

“Juu ya nguzo.”

“Basi wewe ni Nguzo.”

Tangu siku hiyo laini za mkoa ule hazikuwahi kupimwa vizuri namna ile. Waya mzima, napima. Mvua, napima. Chumba chao hakikuwa na dirisha, kwa hiyo kila nikipiga alikuwa ananiuliza swali moja.

“Leo unaona nini huko juu?”

Nilichokuwa naona kilikuwa vumbi na mbuzi. Sasa utamwambiaje msichana aliyefungiwa chumbani siku nzima kwamba dunia ni vumbi na mbuzi? Nikaanza kuongeza. Mbuzi wakawa swala. Swala wakawa tembo wanaovuka mto kwa mstari kama wanafunzi. Yeye anacheka kwa kuziba mdomo ili msimamizi asisikie. Chumvi yangu yote niliitolea pale, kwa ajili ya kicheko kile kilichozibwa.

Hadi ikaja habari ya mitambo mipya.

“Nguzo, Jumatatu wanawasha mitambo ya kujiendesha. Watu watapiga wenyewe. Sisi wa mezani basi.”

“Basi vipi?”

“Wengine wanahamishwa, wengine nyumbani. Hii ndiyo wiki ya mwisho.”

“Meza Nne, tuonane Jumamosi. Posta kuu, saa za jioni.”

“Nitakujuaje? Sijawahi kukuona.”

“Nitasimama uwanjani mbele ya posta na kunyoosha mkono wa kulia juu kabisa. Nitavaa glovu yangu ya kazi, ile nyekundu. Wewe simama juu ya ngazi utafute.”

“Nisipouona huo mkono sishuki ngazi, Nguzo. Nisije nikashukia mwanamume mwingine.”

“Utauona.”

Jumamosi nilioga mara mbili. Nikafika mapema, nikasimama katikati ya uwanja, nikanyoosha mkono. Dakika hiyo hiyo, barabara ya pili, likaingia lori. Timu ya mji ilikuwa imerudi na kombe. Watu wakamwagika uwanjani kama mchele uliopasuka gunia, kila mmoja mkono juu. Na timu yenyewe, ndugu msomaji, ilikuwa inavaa nyekundu. Vitambaa vyekundu, kofia nyekundu, soksi nyekundu zimevalishwa viganjani! Nilikaa na mkono juu mpaka giza likaingia, mpaka ndege wakaanza kuulizana kama lile ni tawi au siyo.

Jumatatu nikaenda kituoni. Mlinzi akaniambia, “Unamtafuta Meza Nne? Kijana, meza zote zimetolewa. Ziko nyuma huko, zinaota jua.”

*

“Kapi moja limekatika kamba,” Nyoosha akatangaza juma lililofuata. “Leo mabega mtashirikiana. Mzee Chumvi, kaa hapa. Mama, wewe kaa pale.”

Kapi ni lile gurudumu dogo lililofungwa darini, kamba inapita juu yake, kila ncha ina kishikio. Kwa kawaida mgonjwa hushika ncha zote mbili, mkono mzima ukivuta chini na mbovu ukipanda. Siku hiyo mimi nikapewa ncha moja kwa mkono wangu wa kulia, na mama wa nyuma ya pazia akapewa nyingine kwa mkono wake wa kushoto.

“Mzee vuta, mama apande. Mama vuta, mzee apande. Bila fujo.”

Nikamtazama kwa mara ya kwanza maishani. Mama wa makamo ya juu, kitambaa safi kichwani, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Miaka yote ile, na sasa tulikuwa tena kwenye ncha mbili za laini moja. Ila yeye hakujua.

“Vuta basi, mzee,” akasema. “Au unasubiri umeme?”

Nikavuta. Mkono wake ukapanda, akakunja uso, akapumua.

“Hili bega limeganda kwa kazi gani, mama?” akauliza jirani wa goti.

“Uzee tu, baba. Ingawa zamani nilikuwa opereta wa simu. Mkono ulikuwa kutwa nzima juu, unachomeka, unachomoa.”

“Enhe, na mapenzi ya kwenye simu yalikuwepo?”

Wanawake wa kiuno wakacheka. Naye akacheka, mdomo ameuziba kwa kiganja.

Jamani, alivyouziba ule mdomo!

“Yalikuwepo. Fundi mmoja wa laini. Namwita Nguzo. Kila siku namwuliza anaona nini huko juu, ananidanganya utamu. Tukapanga kuonana mbele ya posta. Akasema atanyoosha mkono.”

“Akanyoosha?”

“Nilifika nimevaa gauni la njano, nimesimama juu ya ngazi. Uwanja mzima mikono juu! Timu imerudi na kombe. Alinipa na alama nyingine, lakini hiyo siisemi, hiyo ni yangu. Nilitafuta mkono mmoja kati ya mikono ya mji mzima mpaka macho yakauma. Sikushuka. Nikarudi nyumbani na gauni langu.”

“Masikini! Baadaye?”

“Baadaye maisha. Nikaolewa na mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini mpaka leo, nikiona watu wanashangilia mpira, mimi natazama mikono.”

Ningekuwa na akili ningesubiri tubaki wawili. Lakini ulimi wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

“Mama,” nikasema, “huyo Nguzo ni mimi.”

Kisha kicheko kikalipuka, watu wamejishika mbavu, wenye mbavu mbovu wanalia.

“Mzee Chumvi!”

“Na chui alikuwepo posta?”

“Na radi ilikuja na gauni?”

Yeye peke yake hakucheka. Akaachia kishikio. Mkono wangu ukashuka kama gunia, maumivu yakanipanda hadi kwenye meno.

“Mzee mwenzangu,” akasema taratibu, “mambo mengine si ya kuchezea.”

“Haki ya Mungu, mama, ni mimi! Ulikuwa unasema ‘laini safi?’ Ulikuwa unauliza leo unaona nini—”

“Hayo nimeyasema mwenyewe sasa hivi, masikio unayo. Nguzo alikuwa ananidanganya ili nicheke. Wewe unanidanganya ili wenzako wacheke.”

Akafunga kitambaa chake vizuri na kuondoka.

Sikuweza kumlaumu. Ukiwauzia watu sukari ya uongo kila siku, siku unayoleta asali wanaionja kwa kijiti.

*

“Baba, umekula?” Binti yangu aliweka mfuko wa mikate mezani, akanikuta nimepiga magoti sakafuni nimechimbua sanduku la zana. “Unatafuta nini?”

“Glovu.”

Akasimama.

“Ile nyekundu?”

“Ile.”

“Si mama alikuwa anaivaa kupogolea waridi?”

Alikuwa anaivaa. Marehemu mama yake alikijua kisa chote, nilimsimulia kabla hata sijamchumbia. Kila akienda bustanini na glovu ile alikuwa ananipungia: “Nguzo wee! Meza Nne anakusalimu!” Kisha anacheka mpaka anaacha waridi. Alikuwa mwanamke asiye na wivu na marehemu wala na walio hai.

Tukaikuta kwenye debe la mbolea. Imefifia, imeota ukungu, kidole gumba bado kina kovu la koleo, lakini nyekundu.

“Ya kushoto iko wapi?”

“Aliichukua yule chui.”

“Baba.”

“Ilianguka mtoni.”

Nikamweleza yote. Pazia, kapi, na nilivyoaibika. Akakaa kwenye kile kistuli kilichoniangusha.

“Anamaliza matibabu lini?”

“Nyoosha anasema mwisho wa mwezi. Kisha mwanawe anamchukua kwenda kuishi naye huko mbali. Na sasa amebadilisha zamu ili tusikutane.”

“Si umwonyeshe hiyo glovu yaishe?”

“Atasema nimeinunua. Na hata asiposema... Mwanangu, mimi sikumwahidi glovu. Nilimwahidi mkono juu.”

“Huo mkono juu hauvuki pua.”

“Ndiyo maana nimepiga magoti. Nisaidie kuinuka, tuanze.”

Akanitazama sana. Kisha akaenda bafuni, akarudi na taulo.

Nikaanza kweli. Asubuhi, maji ya moto begani kwanza. Kisha nainama, mkono mzima umeshika meza, mbovu unaning'inia, nauzungusha taratibu kama mtu anayekoroga chungu kikubwa. Kisha taulo nyuma ya mgongo, mkono wa juu unavuta, wa chini unafuata huku unalalamika. Kisha ukuta. Binti alichora alama kwenye ukuta wa jikoni kwa penseli ya watoto wake.

“Hapo panavuta?”

“Panavuta.”

“Panachoma?”

“Hapana.”

“Usinidanganye.”

“Panachoma kidogo.”

“Rudi nyuma. Pumua. Nyoosha alisema bega si la kulilazimisha, ni la kulibembeleza.”

Akiwa kazini, ananitumia ujumbe: “Baba umepanda ukuta?”

Najibu: “Nimepanda nimepita friji.”

“Tuma picha. Visigino vionekane.”

Siku nyingine bega lilikuwa linasogea. Siku nyingine linarudi nyuma kama kobe. Kuna asubuhi moja nilikaa sakafuni taulo shingoni nikasema basi, uzee umeshinda, mwache mama wa watu aende kwa mwanawe. Binti akaivaa ile glovu. Akasimama mlangoni, akanipungia, sauti kavu ya mama yake kabisa:

“Nguzo wee! Meza Nne anakusalimu!”

Nikainuka.

Na kliniki, Nyoosha akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Alama yangu ilitoka puani ikaenda kwenye paji la uso, ikaenda juu ya kichwa. Akainama kutazama visigino. Vilikuwa chini.

“Mzee, kuna nini? Miezi yote uliniona kama natania.”

“Nina miadi.”

“Ya nini?”

“Ya zamani.”

Akasita, akapunguza sauti.

“Mama wa opereta anamaliza kesho. Mwanawe anamfuata hapa hapa saa nne. Mizigo itakuwa ndani ya gari.”

“Na mimi je, mkono wangu unanyooka?”

“Kwenye ukuta, karibu kabisa. Hewani, bila kuegemea... bado, mzee. Sitaki kukudanganya. Kudanganya ni kazi yako.”

*

Uwanja wa kliniki ulikuwa umejaa kama kawaida. Wagonjwa, wasindikizaji, mama wenye watoto mgongoni, madereva wa teksi wanagombea abiria. Mbele ya mlango mkubwa kuna ngazi. Katikati ya uwanja kuna nguzo ya taa. Nilipoiona nikatabasamu peke yangu. Mtu akisema Mungu hana utani, mwambie aje aniulize mimi.

Nikasimama chini ya nguzo, nikaivaa glovu.

Chini ya ngazi, kijana mnene wa suti alikuwa anafunga buti la gari. “Mama, twende, jua linapanda!”

Naye akatokea. Alisimama juu ya ngazi, mkono wa kushoto ameshika reli, wa kulia ameshika pochi. Gauni alilovaa lilikuwa la njano. Sijui kama ni kwa makusudi. Mpaka leo sijamwuliza, na yeye mpaka leo hajasema.

Nikaweka vidole kwenye nguzo usawa wa kifua. Vikaanza kupanda.

Kifua, kidevu, pua. Rahisi. Paji la uso. Bega likaanza kunong'ona. Nikashikilia, nikapumua, nikaliachia lipande tena. Juu ya kichwa. Likaacha kunong'ona, likaanza kusema. Kisigino cha kulia kikaanza kunyanyuka chenyewe, tabia ni ngozi.

“Visigino chini, mzee!”

Ilikuwa sauti ya Nyoosha, kichwa nje ya dirisha la chumba cha mazoezi. Nyuma yake, vichwa vya wenye magoti, wenye viuno, wenye shingo.

Nikashusha. Nikapumua. Vidole vikapanda mpaka kiwiko kikanyooka, mpaka mkono wote ukalala juu ya nguzo.

Sasa kuachia.

Nikaachia.

Mkono ulitetemeka. Ulitetemeka kama waya wenye upepo, lakini haukuanguka. Glovu nyekundu, peke yake, juu ya vichwa vya watu wote. Safari hii hakuna lori lililoingia. Hakuna aliyeshangilia. Mkono mmoja tu.

Dereva wa teksi akaja mbio.

“Mzee, unaenda wapi? Twende, nitakufikisha vizuri!”

“Siendi popote, mwanangu. Nimefika.”

“Sasa unaita nini?”

“Ondoka mbele, unanikinga.”

Akasogea. Nikaona amesimama vile vile juu ya ngazi. Pochi ilikuwa imeanguka miguuni pake. Miwani ameivua, ameivaa, ameivua tena.

“Mama?” mwanawe akasema. “Mama, una nini?”

Alipoongea, aliongea nami, na uwanja ule wenye kelele zote ukawa kimya masikioni mwangu kama waya uliopimwa.

“Kituo hapa. Nani yuko kwenye laini?”

“Fundi wa laini, mama.”

“Jina?”

“Kazini hatutoi majina.”

Akauziba mdomo. Lakini safari hii hakuwa anacheka.

“Nguzo,” akasema. “Leo unaona nini huko juu?”

Tembo wakanijia. Mto ukanijia, na mvua ya nyota, na chui ameshika koleo. Nikawaacha wote wapite.

“Namwona mama mmoja wa gauni la njano. Ameshika reli ya ngazi. Hajashuka bado.”

“Na ngazi ni nyingi?”

“Si nyingi.”

Akashuka. Ngazi moja, akatulia. Nyingine. Mwanawe akakimbia kumshika mkono, akamkwepa kama mtu anayekwepa tawi njiani. Watu wakampisha bila kujua kwa nini wanampisha. Akafika mbele yangu, akaigusa glovu, akatazama kovu la koleo kwenye kidole gumba.

“Umechelewa,” akasema.

“Kulikuwa na msongamano.”

“Niliangalia mikono yote, Nguzo. Yote.”

“Najua. Wangu ulikuwa wa katikati.”

Machozi yakamshuka, akayaacha. Dirishani, jirani wa goti akapiga kelele: “Ee! Kumbe mzee haongopi!” Mwanamke wa kiuno akamjibu: “Hilo moja tu. La chui bado.”

“Shusha mkono sasa, watu wanatutazama,” akaniambia.

“Haushuki.”

“Nini?”

“Umekwama. Ulipanda kwa miadi, nadhani unangoja ruhusa.”

Akacheka. Mdomo wazi kabisa, bila kiganja. Ndicho kicheko nilichokuwa nakisikia nusu nusu ujana wangu wote, na sasa nikakisikia kizima. Akanishika kiwiko kwa mkono mmoja, kifundo kwa mwingine, kama Nyoosha alivyotufundisha.

“Pumua,” akasema. “Panachoma?”

“Panavuta tu.”

“Usinidanganye.”

“Panachoma kidogo.”

“Basi taratibu.”

Akaushusha mkono wangu kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha mtoto aliyelala. Ulipofika chini hakuuachia. Akamgeukia mwanawe.

“Baba, teremsha mizigo.”

“Mama! Safari je?”

“Nitakuja kukusalimia. Nikija, nitakuja na huyu. Kwanza mpe shikamoo.”

Kijana akanitazama, akaitazama glovu, akamtazama mama yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo karibu, nikusimulie siku radi iliponiamkia.”

“Nguzo,” mama yake akasema.

“Basi, kesho.”

Tukakaa kwenye benchi chini ya nguzo ya taa. Simu yangu ikatikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa binti: “Baba vipi? Nije kukufuata?”

Mkono wa kulia ulikuwa umeshikwa, kwa hiyo niliandika kwa wa kushoto, herufi moja moja.

“Usije. Nimeunganishwa.”